Picha ya Mama Haipo Nyumbani

Kazi yangu ni kuwapeleka watu wakapige picha. Nikisema hivyo kijiweni, washikaji hucheka. "Yaani wewe unalipwa kwa kukaa na wazungu mnamwangalia simba amelala?" Nami hujibu kwamba ndiyo, nalipwa, ingawa mshiko wenyewe si wa kujivunia, na kule kukaa ndiko kazi yenyewe.

Kundi letu huwa watu wanne, basi. Gari la kuchukua abiria saba tunalipakia wanne tu, ili kila mmoja awe na safu yake na aweze kuhama dirisha hili kwenda lile bila kumkanyaga mwenzake. Safari za kawaida gari hufika kwa simba, watu wakapiga picha mbili tatu, halafu "twende, tumtafute tembo." Sisi hatuna haraka hiyo. Tukimpata duma tunakaa naye, saa tatu, saa nne, chakula cha mchana tunakila humo humo garini. Injini inazimwa, maana gari likitetemeka hata kidogo na lenzi ndefu inatetemeka, picha ikatoka na ukungu. Kwenye ukingo wa paa tunapanga vifuko vya kitambaa vilivyojazwa maharage, na lenzi inalazwa hapo kama mtoto mchanga. Vifuko huja vitupu kwenye ndege. Maharage tunanunua sokoni Karatu, na safari ikiisha wapishi wa kambi wanayachukua. Nimeshakula sana maharage yaliyobeba lenzi yenye thamani kuliko nyumba yetu.

Mambo haya sikufundishwa shuleni. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakanikataa, nikasoma kozi fupi ya kuongoza watalii, kisha nikawa msaidizi wa dereva mmoja mtu mzima ambaye sote tulimwita Mzee. Siku ya kwanza aliniambia, "Kijana, usikimbilie mnyama. Kwanza tazama jua liko wapi." Alikuwa na maana kwamba mwanga mzuri ni wa asubuhi na jioni, saa moja hivi kila upande, na dereva anatakiwa ajue mapema aliweke gari wapi ili jua liwe mgongoni kwa mgeni, au ubavuni kama anataka vivuli. Saa sita mchana jua liko utosini, hata chui huonekana kama ngozi iliyoanikwa.

Mwezi wa pili tulikuwa Ndutu, kusini mwa Serengeti, wakati nyumbu wanazaa. Nyumbu wa pande zile wanazidi milioni moja, na wengi huzaa ndani ya majuma machache. Ndama huanguka chini na dakika chache baadaye amesimama, miguu ikigongana. Asiposimama, fisi hana subira. Asubuhi moja tulimkuta duma jike mwenye watoto watatu, ameinama, amemkazia macho swala. Mara yakaja magari mengine, matano, nane, kila mmoja anataka nafasi ya mbele. Mzee akawasha gari, akarudi nyuma taratibu, tukaondoka. Wageni walinuna. Mzee akawaambia kwa Kiingereza chake kifupi kwamba yule mama ana watoto, na sisi tumeshakunywa chai.

Nililiweka neno lile moyoni. Kwa mnyama tuna sheria nyingi. Serengeti huruhusiwi kuacha barabara ukajipitia nyikani unavyotaka. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, saa kumi na mbili jioni uwe umeshatoka. Huruhusiwi kupiga kelele, huruhusiwi kumlisha, huruhusiwi kushuka garini kumsogelea. Vizuri kabisa. Lakini mama anayeuza ndizi kando ya barabara, sheria yake iko ukurasa wa ngapi?

Ndugu msomaji, mama yangu aliuza ndizi Mto wa Mbu. Zile ndizi nyekundu ambazo kila gari la watalii linaloelekea Karatu na Ngorongoro lazima lisimame kuzitazama. Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza yake na daftari za shule. Kila siku kamera zilitoka madirishani. Mama alikuwa mzuri, nasema kweli, si kwa sababu ni mama yangu, na alikuwa na namna yake ya kufunga kilemba. Wengine walinunua kichane kimoja ndipo wakapiga. Wengi walipiga wakaondoka. Mimi mwenyewe nimepigwa mara nyingi, nikapewa peremende, nikadhani ndiyo bei yangu.

Mama alifariki mwaka 2015, nikiwa kidato cha tatu. Watu wa kanisani wakaomba picha ya kuweka juu ya jeneza. Tukapekua sanduku zima. Hatukuwa na picha. Mwanamke aliyepigwa picha pengine maelfu, hakuwa na hata moja nyumbani kwake! Mwisho baba akatoa kadi yake ya mpiga kura. Tukaipeleka studio ikuzwe. Kadiri walivyoikuza ndivyo uso ulivyopotea, ukawa madoa meupe na meusi. Tukamzika mama na madoa yale. Hadi leo nikiona mgeni mwenye mvi ananionyesha picha zake za zamani za Tanzania, mapigo ya moyo yananienda mbio. Labda yumo. Hajawahi kuwamo.

Sasa naja kwenye kisa chenyewe. Mwaka juzi nilikuwa naongoza mwenyewe, Mzee ameshastaafu. Tunarudi Arusha, wageni wanne, safari imekwenda bomba, bahashishi ninaihesabu kichwani. Pale Mto wa Mbu wakaomba tusimame. Sikuwa na neno. Mmoja akatoa ile lenzi ya chui, akailaza kwenye kifuko cha maharage, akamlenga bibi mmoja hatua kumi tu kutoka garini. Bibi akajifunika uso kwa kanga. Mgeni akasubiri. Namjua mtu anayesubiri, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuwa anamsubiri bibi yule kama tulivyomsubiri duma, ashushe kanga.

Nikawasha gari, nikaondoka. Akapiga kelele. Nikamwambia kwamba huyu siyo mnyama, mshuke, mmwamkie, mmwombe, akikataa amekataa. Akaniambia amelipa pesa nyingi. Nikamjibu kwamba hiyo pesa bibi hajaiona. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko inavyofaa, nakiri.

Barua ya malalamiko ilifika ofisini kabla sijaosha gari. Bosi akaniuliza, "Wewe ni dereva au hakimu?" Nikasimamishwa mwezi mzima bila malipo. Baba aliposikia alitikisa kichwa tu. Mdogo wangu alirudishwa shule mwezi ule kwa sababu ya michango. Kwa hiyo wasikudanganye kwamba ukitetea haki unalala usingizi mtamu. Mimi nililala nikihesabu madeni.

Lakini ndani ya gari lile alikuwamo mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, ambaye safari nzima hakusema sana. Usiku ule wa mwisho aliniuliza nilikasirika nini. Nikamweleza habari ya mama, kwa Kiingereza cha kuokoteza. Asubuhi, kabla ya ndege yake, alikodi teksi mpaka Mto wa Mbu peke yake na kamera ndogo. Mimi sikujua. Miezi mitatu baadaye bahasha ikafika kwa anwani ya ofisi yenye jina langu. Ndani kulikuwa na picha kumi na moja za wale akina mama wa ndizi, zimesafishwa kwa karatasi nzuri, na kikaratasi: tafadhali wape wenyewe.

Nikazipeleka. Meza kwa meza. Wakacheka, wakasutana, wakanyang'anyana. Yule bibi wa kanga naye alikuwamo, safari hii kanga iko mabegani na anatazama kamera usoni. Nikamwamkia, nikampa. Aliitazama muda mrefu. "Hii ndiyo mimi? Kumbe nimezeeka hivi!" Kisha akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, mara mbili, akaniambia kwa utulivu kama anayeniagiza chumvi, "Hii ni ya mazishi yangu. Nitamwonyesha mjukuu nimeiweka wapi."

Nikashindwa kusema. Nikafanya ninachofanya siku zote nikishindwa kusema: nikatoa daftari mfukoni, nikaanza kuandika. Maana mimi, msomaji, kama wewe, natunga riwaya. Ni mwaka wa nne sasa, naiandika usiku kambini kwa tochi. Bibi akanitazama.

"Na wewe humo unaandika nini? Unaniandika mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Umeniomba?"

Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke. Mimi niliyemfokea mgeni mbele ya wenzake! Nikamwomba radhi. Akasema, "Haya, nisomee." Nikamsomea. Akanisahihisha mara mbili. Nilikuwa nimeandika kwamba aliona aibu siku ile ya lenzi. "Aibu ya nini? Nilikuwa na jino linaniuma, shavu limevimba. Andika jino." Nikaandika jino.

Nilirudi kazini. Siku hizi jioni ya kwanza, wageni wakishaoga vumbi, nawaeleza masharti yangu mawili kabla ya kuwaeleza habari za mwanga: binadamu anaombwa, na picha yake inarudi. Wengine huahidi wakasahau. Wengine hutuma. Mwaka jana nilipeleka bahasha nne. Bosi anajua, ananyamaza, kwa kuwa malalamiko hayajaja tena.

Ila riwaya imenikwamia. Sura ya kwanza inamhusu mama, kilemba chake na mikono yake ikipanga ndizi. Nimeiandika mara sita. Kila nikimaliza namsikia bibi yule akiniuliza kama nimeomba, nami sina wa kumwomba. Huenda hata yeye siku fulani nilipomwona na huzuni, lilikuwa jino tu. Nani atanisahihisha?

Basi nimeanza kumsomea baba. Hasemi mengi. Juzi nilipofika pale kwenye kilemba, alinikatiza.

"Alikuwa anakifungia kushoto," akasema.

Nimekwisha kufuta. Sasa kiko kushoto.