Kompyuta tano na Kilwa tatu

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi la kusini, unavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, unapita Somanga, kisha unafika Nangurukuru, njia panda inayojulikana na kila msafiri wa Kilwa. Wa Lindi na Mtwara wanaendelea mbele. Wa Kilwa wanakata kushoto kuelekea baharini. Ni safari ya kama kilomita 300. Kabla ya daraja, wakati wa masika wazee wetu waliihesabu safari hiyo kwa siku, si kwa saa.

Mgeni akishuka anashangaa kuambiwa kwamba Kilwa ziko tatu. Kilwa Masoko ndiyo makao ya wilaya, yenye ofisi, soko na gati. Kilwa Kivinje ni mji mkongwe wa biashara, wenye majumba ya mawe yanayobomoka mbele ya bahari na mnara wa kumbukumbu ya Vita vya Majimaji. Kilwa Kisiwani iko ng'ambo ya mkondo, safari fupi ya mashua kutoka Masoko. Huko ndiko uliko Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, na jumba la Husuni Kubwa. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014.

Nafundisha sekondari moja ya pwani hii. Chumba chetu cha kompyuta zamani kilikuwa stoo ya majembe. Kina kompyuta tano, projekta moja ambayo taa yake imefifia, na kitambaa cha kanga kinachofunika vyote jioni, maana upepo wa bahari una chumvi na chumvi haina huruma na chuma. Darasa lina wanafunzi 54. Ukigawa, ni watoto kumi na moja kwa kompyuta moja, mmoja wao anarudi nyuma kusubiri zamu.

Mwaka 2023 niliwaambia kidato cha pili watafute kwenye intaneti jina la mji wao wasome wanachokiona. Walikuta mengi. Walikuta picha za magofu na kumbi za hoteli, walikuta kazi za Neville Chittick, aliyechimba Kisiwani miaka ya 1960, na walikuta picha za kompyuta za magofu hayo zilizotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town kwa kupima kuta kwa miali ya leza. Karibu yote yalikuwa kwa Kiingereza. Kijana mmoja wa Kisiwani, ambaye nyumba yao haiko mbali na Gereza, ile ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505, alisoma kimya kisha akauliza, "Mwalimu, sisi tunaoishi pale mbona hatumo?"

Swali hilo ndilo lililozaa tovuti yetu. Kila mwanafunzi angetengeneza ukurasa mmoja kuhusu mahali anapotoka, na kurasa zote zingeunganishwa kama vyumba vya nyumba moja.

Kusema ni rahisi. Kikwazo cha kwanza kilikuwa umeme. Wilaya yetu ndiyo yenye kisiwa cha Songo Songo, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 gesi hiyo inasafiri kwa bomba mpaka Ubungo kuzalisha umeme. Hata hivyo chumba chetu huzimika mtoto akiwa katikati ya sentensi. Wanafunzi wakabuni dawa yao: kila mmoja anaandika ukurasa wake wote kwenye daftari kwanza, pamoja na alama zote za HTML, na akifika kwenye kompyuta anakopi tu. Daftari halizimiki. Aliyesahau alama moja ya kufunga maandishi mazito alikuta ukurasa wote umekolea mpaka chini, na kumi waliosimama nyuma yake wakajifunza kwa kosa lake.

Kikwazo cha pili kilikuwa bando. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na ni msaada mkubwa, lakini bando halimo ndani yake. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Kwa hiyo kila kinachopakuliwa hutoka mfukoni mwa mwalimu, na mwalimu naye ana watoto nyumbani wanaouliza sukari iko wapi.

Cha tatu kilikuwa lugha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na kurasa za kwanza ziliandikwa kwa Kiingereza. Nilipozisoma, 20 zilifanana neno kwa neno, zote zimenakiliwa mahali pamoja. Tukabadili: andikeni kwa Kiswahili, na kila ukurasa uwe na jambo moja ulilomuuliza mtu mzima wa kwenu. Wiki mbili baadaye nilikuwa na darasa jingine. Binti wa Kivinje aliandika kuhusu vita vilivyoanza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, na jinsi Kinjekitile Ngwale alivyonyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Mwingine aliandika mnada wa ufuta kwa maneno ya baba yake mkulima, akieleza mzigo unavyopimwa ghalani na fedha zinavyochelewa au kuwahi. Kijana aliyehamia kutoka Lindi aliandika kuhusu Tendaguru, kilima ambako Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba vichwani hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, urefu wake zaidi ya mita 13.

Yule wa Kisiwani alichagua sarafu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu za kale katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na tano kati ya hizo zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje huko, wataalamu bado wanabishana. Baba yake, mvuvi, alimpa jibu ambalo kijana aliliweka mwishoni mwa ukurasa: bahari haina ukuta, na pesa huenda na anayeishika.

Kikwazo cha nne ndicho kilichonifundisha zaidi, nacho hakikuwa cha mashine. Kabla ya kuweka chochote hadharani nilituma barua kwa wazazi kuomba ridhaa ya picha za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imeanza kutumika Mei 2023, na mtoto hawezi kujitolea ridhaa mwenyewe. Asubuhi moja akaja bibi wa yule binti wa Kivinje, barua imekunjwa kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Hii karatasi nimesomewa. Inataka sura ya mjukuu wangu. Nani ataiona?"

Nikamweleza kwamba ataiona yeyote mwenye intaneti, awe hapa au ng'ambo.

"Naye akishaiona, akiichukua?"

"Hatuna njia ya kumzuia, bibi."

Akakaa kidogo. "Mama yake yuko Dar, kaniachia mimi. Basi mwanangu, maneno yake yatoke. Sura yake ibaki nyumbani."

Wapo walimu wenzangu walioona bibi anarudisha maendeleo nyuma. Mimi niliona ametupa kanuni bora kuliko ile tuliyokuwa nayo. Darasa lilijadili kipindi kizima, na wavulana ndio waliopinga zaidi, maana walishachagua picha zao wamevaa miwani. Mwisho tukakubaliana: hakuna sura, hakuna jina kamili, hakuna jina la mtaa anakolala mtoto. Kila ukurasa una picha ya mahali au ya mikono ikifanya kazi. Mikono inayopara samaki, inayosuka ukili, inayopepeta ufuta.

Kulikuwa na hofu nyingine ofisini. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka wenye blogu wasajiliwe na kulipia leseni, na ada ya leseni peke yake ilikuwa shilingi 1,000,000. Kanuni zimefanyiwa marekebisho tangu wakati huo, lakini kumbukumbu ya kiasi kile haijafutika. Mkuu wa shule aliuliza swali la haki: sisi ni shule au chombo cha habari? Tukaamua tovuti ikae kwanza ndani ya shule. Ukurasa wa HTML hauhitaji intaneti ili ufunguke. Unauweka kwenye flashi, unauchomeka, kivinjari kinauonyesha kama kawaida, viungo vyote vinafanya kazi.

Mei 2024 uamuzi huo ulipimwa. Mwanzoni mwa mwezi, Kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda kusini katika eneo la Somanga. Magari yalikwama, bidhaa zikapanda. Tarehe 12 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zikakatika upande wa kusini mwa Afrika, na nchi nzima ikabaki na mtandao wa kusuasua. Kwa siku kadhaa tulikuwa hatuna barabara wala intaneti. Tovuti ya kidato cha pili, ambao sasa walikuwa wa tatu, ilifunguka kama siku zote. Kidato cha kwanza waliisoma kwa zamu, na ukurasa uliofunguliwa zaidi haukuwa wa sarafu wala wa mjusi. Ulikuwa wa ufuta, kwa sababu watoto walitaka kuwasomea baba zao.

Sitaki msomaji adhani tumefika. Kompyuta moja imekufa, zimebaki nne. Mwalimu anaweza kuhamishwa wakati wowote, na kazi ya namna hii huhama na mwalimu ikiwa imo kichwani mwake tu. Ndiyo maana wanafunzi wawili wa kila kidato sasa wanawafundisha wa chini yao, nakala moja inakaa ofisini kwa mkuu, na maelezo yote yameandikwa kwenye daftari la kaunta. Kama shule itaamua siku moja kuweka kurasa hizo hewani, itaamua ikiwa na wazazi, na sharti la bibi wa Kivinje litabaki pale pale.

Kwa wazazi wa pwani hii nina ombi dogo. Mtoto akirudi na daftari akikuuliza kisima kile kilichimbwa na nani, au kwa nini mtaa wenu unaitwa hivyo, usimwambie akatafute kwenye simu. Kwenye simu hakuna. Msogezee mkeka akae, umjibu taratibu aandike. Na shule ikikuletea barua ya picha, isome, uliza nani ataona, na jibu lisipokuridhisha kataa bila aibu. Mwalimu wa kweli hatachukia.

Nawe uliye mbali, ukija Kilwa, chukua kibali pale Masoko, vuka mkondo asubuhi kabla upepo haujakaza, na ukifika kisiwani usiangalie kuta peke yake. Wanaoishi kando yake nao wana habari, na baadhi yao wana miaka 15 na wanaandika vizuri.