Mlumbi na Karatasi Yake

Aghalabu mwanafunzi aitwapo jukwaani kongamanoni hujificha nyuma ya karatasi: macho chini, sauti ya kunong'ona, mikono ikitetemeka. Hadhira husinzia, na hatimaye lawama hubebeshwa Kiswahili sanifu, eti kigumu!

Tarehe 28 Agosti 1963, jijini Washington, Martin Luther King alisimama mbele ya watu wapatao 250,000 akiwa na hotuba iliyoandikwa. Ilipokaribia tamati, mwimbaji Mahalia Jackson alipaza sauti akimhimiza awaeleze watu kuhusu ile ndoto. King aliiweka karatasi kando, akainua macho, akalumba. Wengi husifu kipaji cha papo kwa hapo, nao wamesema nusu tu ya ukweli. Maneno ya ndoto hayakuwamo karatasini, lakini yalikuwa yamekwisha kupita kinywani mwake hapo kabla, ikiwemo kule Detroit miezi miwili tu awali. Vituo, mikazo na takriri, vyote alikwisha kuvipima mbele ya watu.

Mwanafunzi wetu naye hukesha na kalamu akipamba msamiati, asitamke hata aya moja kwa sauti. Kinywa chake hukutana na maneno hayo kwa mara ya kwanza asubuhi, mbele ya wahadhiri wake.