Mwalimu Anayejua na Kunyamaza

Nakala moja ya Iron Flame imezunguka hosteli yetu muhula mzima mpaka jalada linataka kuachana na kurasa. Ukiulizia zamu yako, unaambiwa kuna wanne mbele yako. Waliokwisha kuisoma wanazungumzia mambo mawili tu: majoka na Xaden. Mimi nasomea ualimu, Historia na Kiswahili, na kilichoninyima usingizi ni kitu cha tatu. Ni jinsi watu wanavyofundishwa mle ndani.

Kwa ambao bado: ni kitabu cha pili cha mfululizo wa Rebecca Yarros, mwandishi wa Marekani. Cha kwanza, Fourth Wing, kilitoka Mei 2023, na hiki kikafuata Novemba mwaka huohuo. Violet Sorrengail alijiandaa kuwa mwandishi wa kumbukumbu, mtu wa nyaraka kama baba yake. Mama yake, ambaye ni jenerali, akamlazimisha kujiunga na wapanda majoka katika chuo cha kijeshi cha Basgiath. Kule kudisko siyo kufungasha begi ukarudi nyumbani. Ukishindwa, mara nyingi unakufa.

Mwishoni mwa kitabu cha kwanza Violet anagundua kwamba viumbe aliowajua kupitia hadithi za utotoni wapo kweli, wanaua watu nje ya mpaka, na wakubwa wa nchi wanajua. Iron Flame inaanzia hapo: utarudije darasani, ukae kwenye kiti, uandike notsi, wakati unajua hivyo?

Sasa, wanaualimu wenzangu, tazameni kipindi kimoja pale Basgiath. Wanafunzi wanakusanyika mbele ya ramani, wanasomewa taarifa ya mapigano ya mpakani, halafu wanatakiwa waulize maswali na kuchambua. Adui alikuja saa ngapi? Ulinzi ulikuwaje? Ungefanya nini? Sisi tunaofundishwa kila siku ubora wa mbinu shirikishi tungelipa somo hilo alama za juu. Hakuna kukaririshwa, mwanafunzi ndiye anayefikiri.

Tatizo ni kwamba taarifa yenyewe imechujwa kabla haijafika mezani. Kanali Markham, mkuu wa waandishi, anajua kilichoondolewa, na bado anasimama mbele ya vijana akiwasifia kwa maswali mazuri. Kwangu huyo anatisha kuliko joka lolote. Joka likikasirika utaliona. Markham yeye anakuacha uondoke darasani ukiwa na furaha, ukidhani umefikiri, kumbe umezungushwa ndani ya ua aliouchora yeye.

Hata mapenzi ya kitabu hiki yamejengwa juu ya jambo hilohilo. Ugomvi wa Violet na Xaden hautokani na mwanamke mwingine. Unatokana na siri. Xaden anasema yuko tayari kujibu atakachoulizwa, Violet anataka kuambiwa bila kuuliza. Jamani, wanagombana sana! Kitabu kina zaidi ya kurasa 600, na katikati kuna mahali nilitamani wafungiwe chumba kimoja wamalizane, wasitoke mpaka waelewane. Lakini swali la Violet ni la haki: mtu atauliza vipi juu ya kitu ambacho hajui kama kipo?

Ndiyo maana shujaa wangu ni Jesinia, mwandishi kijana, kiziwi anayezungumza kwa lugha ya alama, ambaye hana joka wala upanga. Kazi yake ni kutoa vitabu kule visikotakiwa kutoka, akijua akikamatwa kitamkuta nini. Na vitabu vikishapatikana, mambo hayaishi. Shajara mbili za waasisi hazikubaliani juu ya namna ya kusimamisha kinga ya kichawi inayolinda nchi. Yeyote aliyewahi kukaa na vyanzo viwili vya historia vinavyopingana anaijua hiyo hali, ila sisi tukikosea tunapata sapu, wao wanapoteza watu.

Nilipokuwa nasoma hayo niliwakumbuka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa mwaka 1968. Maandishi mengi ya wakati huo juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 yalikuwa yameachwa na Wajerumani, yaani upande mmoja wa vita. Wanafunzi hao wa historia wakatumwa vijijini kukaa na wazee na kuandika walichokumbuka. Walikuwa vijana kama sisi. Bila kazi ya namna ile, tungekuwa tunachambua kwa bidii taarifa ya Markham.

Mwaka jana nilikuwa field mkoa mmoja wa kusini, nikifundisha mada hiyo. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, wanawake walikuwa wapi?" Kitabu cha kiada kilikuwa na majina ya wanaume matupu. Mwalimu mwenyeji akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, hilo halitoki kwenye mtihani." Nilimwambia yule binti akamuulize bibi yake. Wiki iliyofuata alirudi na habari za njaa: Wajerumani walivyochoma mashamba na maghala, na mama wa ukoo wao aliyefunga mbegu ndani ya nguo akakataa zisipikwe, hata watoto walipolia. Darasa lilinyamaza kabisa. Nilibaki nyuma mada mbili na alama za azimio la kazi zikapungua. Ningeulizwa leo, kile kipindi ningekitoa tena.

Simlaumu yule mwalimu. Ana wanafunzi wengi na mtihani wa taifa unamsubiri. Markham naye, nadhani, hakuanza na uongo mkubwa. Huenda alianza na sentensi kama ile, ya upole kabisa, kwamba hilo si la leo. Baada ya UE wengi wetu tunarudi field. Tutakabidhiwa chaki na kitabu, na mkono mmoja utanyooshwa kule nyuma. Hatutakuwa na jibu kila mara. Ila tukiwa nalo, tusimfanye mtoto alitafute gizani peke yake.