SQL yako inakaa wapi?

Jamani, leo naungama. Duka la mtandaoni la mteja mmoja nililiandika kwa PHP, na kila ukurasa ukawa unaiuliza MySQL wenyewe kwa mysql_query. Lilifanya kazi, nikatulia. Kisha seva ikahamishiwa PHP 7, toleo la mwaka 2015 lililoiondoa kabisa mysql_query. Kurasa zaidi ya 40 zikafa kwa mpigo. Mteja anapiga simu, mimi natoa jasho. Nilizirekebisha moja baada ya nyingine hadi alfajiri.

Siku hizi SQL yote naiweka kwenye faili moja kando, kwa PDO. Ukurasa unaomba bidhaa na kuzionyesha, basi. Hifadhidata ikibadilika, naguza mahali pamoja tu. Wewe je, yako umeitawanya wapi?