Ukuta wa Paris uliobaki kuwa bustani na barabara

Mgeni anayeshuka tramu ya T3a kwenye kituo cha Poterne des Peupliers, kusini mwa Paris, anakuta barabara ndogo ikipita chini ya barabara kubwa kupitia tao la mawe. Wenyeji hawainui hata macho. Wazazi wenye watoto wana haraka ya kufika Bustani ya Kellermann iliyo jirani.

Neno “poterne” ni mlango mdogo wa ngome. Tao hilo ni moja ya mabaki machache ya ukuta uliouzunguka mji mzima kwa zaidi ya miaka 70.

Ukuta huo ulianza kujengwa mwaka 1841, enzi za Mfalme Louis-Philippe, kwa msukumo wa mwanasiasa Adolphe Thiers. Ulikuwa na urefu wa kilomita 33 hivi na vitokezo 94 vya kuwekea mizinga. Mbele yake lilichimbwa handaki pana, na mbele ya handaki ukaachwa ukanda wa mita 250 ambako sheria ya jeshi ilikataza kujenga kitu cha kudumu, ili adui asipate pa kujificha.

Adui alikuja Septemba 1870. Waprusia hawakuhangaika kuupanda ukuta. Waliuzingira mji, wakafunga njia za chakula, wakasubiri. Baridi ilipokolea watu wa Paris walikuwa wanakula farasi, kisha paka na panya. Tembo wawili wa bustani ya wanyama, Castor na Pollux, waliuawa na nyama yao ikauzwa buchani. Maziwa ya watoto wachanga yaliadimika. Januari 1871 makombora yakaanza kuanguka ndani ya mji, na mwezi huohuo Paris ikasalimu amri.

Baada ya vita ukuta ulibaki umesimama, na ukanda mtupu mbele yake ukazidi kujaa watu. Waliofika huko wengi ni wale walioshindwa kodi za mjini. Walijenga vibanda vya mbao na mabati, wengine wakaishi kwenye mikokoteni mikuukuu, wakiokota matambara na vyuma chakavu vya kuuza. Mahali hapo pakaitwa “la Zone”. Kwa kuwa kisheria hapakupaswa kuwa na nyumba, hapakuwa na mabomba ya maji wala mifereji ya majitaka ya maana. Picha za Eugène Atget zimehifadhi sura za familia hizo na vibanda vyao. Ukizitazama unajiuliza mama wa pale alimwogesha mtoto kwa maji gani.

Mwaka 1919 sheria ikaamua ukuta ubomolewe, kazi iliyochukua takriban miaka 10. Palipokuwa na ukuta zikapandishwa nyumba za ghorofa za matofali mekundu, za kodi nafuu. Bado zipo, na zinafaa kutazamwa kwa makini: nyua zake nyingi zimeachwa wazi upande mmoja ili jua na upepo viingie. Hilo halikuwa pambo. Kifua kikuu kilikuwa kinaua watu wengi Paris, na streptomycin, dawa ya kwanza iliyofaa kukitibu, iligunduliwa mwaka 1943 tu. Kabla ya hapo madaktari walitegemea zaidi hewa safi, chakula na mapumziko, kwa hiyo wasanifu walijitahidi kuijenga hewa hiyo ndani ya nyumba.

Hatua chache kutoka kwenye tao upo Uwanja wa Charléty, kisha mabweni ya wanafunzi ya Cité universitaire yaliyoanza kufunguliwa mwaka 1925. Yote yamekaa juu ya ardhi ya ukuta au ya ukanda ule.

Sehemu ya ukanda wenyewe, hata hivyo, ilikuja kuchukuliwa na barabara ya mzunguko, Périphérique, kilomita 35 za magari, iliyokamilika mwaka 1973. Zile nyumba zilizojengwa kwa ajili ya hewa safi zikajikuta zikivuta moshi, na madirisha yanafungwa kwa sababu ya kelele. Oktoba 2024 mji ulishusha mwendo wa magari kutoka kilomita 70 hadi 50 kwa saa, na madereva wengi walilalamika.

Katika Bustani ya Kellermann watoto huteleza na kupanda ngazi mchana kutwa. Barabara hiyo iko nyuma ya miti, upande wa kusini. Haionekani vizuri, ila mngurumo wake unasikika hadi kwenye bembea.