Ndaga, Mwalimu

Mvua ya Tukuyu haina haraka. Huanza kama umande, ikakaa siku tatu, na mtu asiyeweza kwenda shamba hujikuta ameketi na mawazo ambayo jua lingeyafukuza. Ilikuwa siku ya namna hiyo mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, alipoweka kompyuta yake mezani akaniambia, "Mjomba, wewe si unapenda majasusi? Tazama hii."

Kweli nawapenda. Ujana wangu niliupitisha na Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, kitabu tulichoazimana mpaka jalada likang'oka. Kwa hiyo nilitegemea bastola, magari na mrembo mwenye siri. Vyote vilikuwemo, lakini vimekaa upande upande, kama picha iliyotundikwa na mtu asiyejali ukuta. Filamu yenyewe ni Alphaville ya Jean-Luc Godard, iliyopata tuzo ya Dubu wa Dhahabu kule Berlin mwaka 1965. Inasimulia mji ulio mbali na dunia yetu, ila Godard hakujenga mji wowote. Aliipiga picha Paris ya usiku, na taa zake na korido zake, akatuachia sisi kazi ya kuamini. Jasusi wake, Lemmy Caution, ana koti refu na uso uliochoka. Nusu saa haikuisha nikasinzia. Nilipozinduka nilitamka, kwa sauti ya mwalimu mstaafu asiyezoea kubishiwa, kwamba Wazungu wakikosa hadithi husema ni sanaa.

Mpwa wangu hakubisha. Nadhani ni ule ukimya wake ulionirudisha kwenye kiti usiku, peke yangu.

Mji ule unatawaliwa na kompyuta iitwayo Alpha 60. Mtu akimlilia mkewe aliyekufa, huuawa. Hotelini, chumbani, kuna kitabu wanachokiita Biblia, kumbe ni kamusi. Maneno yakipigwa marufuku huletwa toleo jipya, la zamani likaondolewa. Natacha, binti anayemwongoza Lemmy, hajui neno mapenzi lina maana gani. Hata hivyo watu wa mji ule ni waungwana mno: hawajaulizwa hali, tayari wanakwambia ni wazima, asante, tafadhali. Asante imebaki, mwenye shukrani ndiye hayupo.

Hapo nilisimamisha filamu.

Miaka mingi nyuma nilifundisha darasa la tatu katika shule mojawapo ya wilaya hii ya Rungwe. Nilikuwa na kibao kidogo chenye kamba. Aliyenaswa akisema kilugha alikivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake naye amvike. Nilikuwa nimewageuza watoto kuwa majasusi wa vinywa vya wenzao, na niliona ni mbinu nzuri. Asubuhi moja ya baridi nilimpa mtoto kipande cha penseli. Alikipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema, "Ndaga, mwalimu." Kwetu neno hilo ni shukrani, na tena ni kiitikio cha salamu. Nilimvika kibao. "Sema asante." Akasema asante, macho chini. Tangu siku ile kila nilipompa kitu aliniambia asante, na kila mara alikuwa sahihi.

Sithubutu kusema kazi ile ilikuwa mbaya yote. Kiswahili ndicho kilichonikalisha meza moja na Msukuma na Mmakonde, na ndicho ninachoungamia hapa. Nimejaribu kulitafuta kosa langu lilipo, na leo nahisi lilikuwa katika kudhani kwamba neno jipya halipati pa kukaa mpaka la zamani lihame. Kesho huenda nikafikiri vingine. Pengine hata najipa ukubwa nisio nao: Wajerumani waliuita mji huu Neu Langenburg, wakauandika hivyo kwenye ramani zao, na leo ni Tukuyu. Maneno yana ukaidi wake. Lakini wajukuu zangu hawajui Kinyakyusa, na hakuna aliyewahi kuwavika kibao. Mazoea ya nyumba yangu yalitosha.

Mwisho wa filamu Lemmy anamtoa Natacha mjini kwa gari. Binti anatafuta la kusema, anaomba asaidiwe, maana maneno hayo hakufundishwa. Lemmy anamjibu kwamba lazima ayafikie mwenyewe. Anayaokota moja moja, polepole, mpaka yanatimia: nakupenda.

Asubuhi nilimwuliza mpwa wangu anaitikiaje mtu akimsalimu kwa Kinyakyusa. Alicheka, kisha akasema hakufundishwa. Likizo zake zote za utotoni alizimalizia hapa kwangu. Mvua ilikuwa haijakatika, basi tukaanza na salamu.