Mbwa kababuka mgongo baada ya kubadilishiwa dawa ya viroboto

Baridi ya Njombe ikikaza, hasa Juni na Julai, mbwa wa ulinzi naye husogezwa jikoni. Anatandikiwa gunia karibu na moto, watoto wanakaa pembeni yake. Joto hilohilo viroboto nao wanalipenda.

Mama mmoja aliyehamia Njombe mjini kutoka Makambako alikuja na mbwa wake. Unga wa viroboto aliouzoea kule aliuona hausaidii tena. Akanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akaichanganya kwa kukisia, akampaka mbwa mgongoni. Kesho yake mgongo ulikuwa mwekundu, una vipele, manyoya yananyonyoka. Mwanawe wa miaka sita alikuwa ameshamkumbatia.

Unga ule huenda haukuwa na kosa. Kiroboto hutaga mayai juu ya mbwa, lakini mayai huanguka kwenye gunia, vumbi na nyufa za sakafu. Buu hujifunga kwenye kifuko na kuweza kukaa humo wiki kadhaa, hata miezi, dawa isimfikie. Akisikia joto na mtikisiko wa mnyama, anatoka. Mbwa aliyepakwa leo anapandwa na wapya kesho, na lawama inaangukia dawa. Inanunuliwa nyingine kali zaidi, inapakwa juu ya ile ya kwanza.

Tena baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe zina amitrazi, ambayo ni ya kupe. Viroboto haiwatishi. Nyingine zina sipamethrini, na kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ni cha ng'ombe, si cha mbwa wa kilo kumi na tano. Paka wa nyumbani akimlamba mbwa aliyepakwa dawa ya jamii hiyo, anaweza kufa.

Mzazi anaweza kuangalia mwenyewe mbwa anajikuna wapi. Mzio wa mate ya kiroboto hukaa zaidi kiunoni, kwenye mapaja na kwenye shina la mkia. Dawa iliyomkataa mara nyingi huonekana palepale ilipopakwa, ndani ya saa chache au siku moja mbili.

Ikiwa ni dawa, mtu mzima avae glavu, amwogeshe mbwa kwa maji mengi ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha amkaushe vizuri, maana baridi ya Njombe haina huruma. Akitetemeka, akitoka mate mengi au akiyumba, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na chupa ya dawa ibebwe.

Dawa nyingine isiguswe kwanza. Gunia lichomwe au lichemshwe, jiko lifagiliwe hadi kwenye nyufa, na kazi hiyo irudiwe kila wiki. Siku mbwa atakapopakwa dawa inayomfaa, watoto wakae mbali naye mpaka manyoya yakauke kabisa.